Saa za bure na posho za malezi England: mwongozo kwa mzazi mwenye mtoto mdogo

Ada ya nasari ya kutwa nzima kwa mtoto mchanga inaweza kumeza sehemu kubwa ya mshahara wa mzazi mmoja. Serikali ya Uingereza imekubali kubeba sehemu nzuri ya mzigo huo, ila msaada wenyewe umegawanywa katika mipango kadhaa, kila mmoja na masharti yake na mlango wake wa kuombea. Na juu ya masharti yote kuna kalenda. Mzazi aliyeomba tarehe 3 Septemba badala ya tarehe 31 Agosti anaweza kusubiri mpaka Januari, akilipa kutoka mfukoni kitu ambacho jirani yake anakipata bure. Ndiyo maana nimepanga mwongozo huu kwa mfuatano wa kufanya mambo, kuanzia mimba hadi mlango wa shule ya msingi.

Viwango ninavyotaja ni vya mwaka wa kodi 2025/26. Hubadilika kila Aprili, kwa hiyo hakikisha kwenye tovuti ya serikali, gov.uk, kabla ya kupiga hesabu zako. Child Benefit (posho ya mtoto), Tax-Free Childcare (akaunti ya malezi ambayo serikali huichangia) na Universal Credit (posho ya wenye kipato cha chini) zinafanya kazi Uingereza nzima. Saa za bure za nasari ninazoeleza hapa ni za England peke yake. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini wana mipango yao.

Kwanza kabisa, soma kibali chako cha kuishi

Wengi waliokuja kwa viza ya kazi, ya masomo au ya kumfuata mwenzi wamepewa kibali chenye maneno "no recourse to public funds". Maana yake ni kwamba huruhusiwi kupokea posho ambazo sheria za uhamiaji zimeziorodhesha kuwa fedha za umma. Child Benefit na Universal Credit zimo katika orodha hiyo. Kuziomba huku kibali kinakataza ni kuvunja masharti ya viza, na jambo hilo linaweza kukurudi siku unapoomba kuongezewa muda au ukaazi wa kudumu. Ingia kwenye akaunti yako ya eVisa, yaani kibali chako cha mtandaoni, usome kilichoandikwa hapo, usitegemee kumbukumbu wala maneno ya mtu. Na mtoto kuzaliwa hapa, hata akiwa na pasipoti ya Uingereza, hakubadilishi sharti lililoandikwa kwenye kibali cha mzazi.

Hata hivyo, hofu ya sharti hilo imewanyima watu wengi vitu ambavyo ni halali yao kabisa. Naumia moyo nikimsikia muuguzi au mhudumu wa wazee akisema "mimi viza yangu hairuhusu chochote", kwa sababu si kweli. Malipo ya likizo ya uzazi yanatokana na kazi yako na michango yako ya National Insurance (bima ya taifa inayokatwa kwenye mshahara), kwa hiyo si fedha za umma. Saa 15 za nasari kwa watoto wa miaka 3 na 4 ni za kila mtoto, bila kuulizwa viza wala kipato cha wazazi.

Kuna pia mlango ambao wachache wanaujua. Mtoto wa miaka 2 ambaye wazazi wake hawaruhusiwi fedha za umma anaweza kupata saa 15 kwa wiki endapo kipato cha nyumba kiko chini ya kiwango fulani. Nje ya London kiwango ni pauni 26,500 kwa mwaka kwa familia yenye mtoto mmoja, na 30,600 kwa yenye watoto wawili au zaidi. Ndani ya London ni pauni 34,500 na 38,600. Akiba na uwekezaji wa familia visizidi pauni 16,000. Haya yanaombwa kwa halmashauri ya eneo lako, yaani kaunsili, si kwa mamlaka ya kodi. Piga simu kitengo cha taarifa za familia, useme wazi kwamba unaomba saa za mtoto wa miaka 2 kwa familia isiyo na haki ya fedha za umma. Ukisema hivyo moja kwa moja, utapelekwa kwenye fomu inayokuhusu.

Na ikiwa mmoja wenu ana uraia, ukaazi wa kudumu au kibali kinachoruhusu fedha za umma, na mwenzake hana, msikate tamaa. Kwa saa 30 za nasari za wazazi wanaofanya kazi na kwa Tax-Free Childcare, nitakazoeleza chini, inatosha mmoja wenu atimize sharti la uhamiaji na awe na namba ya National Insurance. Sharti la kipato, hilo linawabana wote wawili. Kwa Universal Credit mambo ya wenzi wenye vibali tofauti ni mazito zaidi. Hapo nenda kwa mshauri kabla ya kubonyeza kitufe chochote. Shirika la Citizens Advice linashauri bure.

Wakati wa ujauzito

Baada ya wiki ya 20 ya mimba, mkunga au daktari atakupa cheti kiitwacho MATB1. Kitunze, maana bila hicho mwajiri hawezi kukulipa. Mjulishe mwajiri angalau wiki 15 kabla ya wiki ambayo mtoto anatarajiwa: kwamba una mimba, mtoto anatarajiwa lini na unataka likizo ianze lini. Mwandikie barua pepe hata kama mmekwisha kuzungumza.

Malipo ya uzazi ya kisheria hudumu wiki 39. Wiki 6 za mwanzo unalipwa asilimia 90 ya wastani wa mshahara wako. Wiki 33 zinazobaki unalipwa pauni 187.18 kwa wiki, au asilimia 90 ya mshahara ikiwa hiyo ndiyo ndogo. Unatakiwa uwe umemfanyia kazi mwajiri huyo kwa wiki 26 mfululizo kufikia wiki ya 15 kabla ya kujifungua, na wastani wa kipato chako uwe angalau pauni 125 kwa wiki. Wanaofanya kazi kupitia wakala, au kwa mkataba usio na saa maalumu, nao wanaweza kustahili. Ukikosa sharti la wiki 26, kwa mfano umebadili kazi katikati ya mimba, au ukiwa umejiajiri, uliza kuhusu Maternity Allowance, inayolipwa na serikali yenyewe. Hiyo inataka uwe umefanya kazi wiki 26 ndani ya zile 66 kabla ya tarehe ya kujifungua, na si lazima kwa mwajiri mmoja.

Child Benefit: siku chache baada ya kuzaliwa

Msajili mtoto ndani ya siku 42. Saa 48 baada ya kumsajili unaweza kuomba Child Benefit kupitia tovuti au programu ya simu ya HMRC, ambayo ndiyo mamlaka ya kodi. Malipo ni pauni 26.05 kwa wiki kwa mtoto wa kwanza na 17.25 kwa kila anayefuata, na kwa kawaida huingia kila baada ya wiki 4. Ukichelewa, malipo hurudishwa nyuma miezi 3 tu. Wiki zilizotangulia hapo zimepotea.

Hapa kuna uamuzi ambao familia nyingi huufanya bila kufikiri: ombi liwe kwa jina la nani? Ushauri wangu ni huu. Kama mzazi mmoja amekaa nyumbani kulea, au kipato chake ni kidogo mno hata halipi National Insurance, ombi liwe kwa jina lake. Kila mwaka anaoishikilia Child Benefit, mpaka mtoto afikishe miaka 12, anahesabiwa kama aliyechangia National Insurance, na pensheni kamili ya serikali kwa kawaida inahitaji miaka 35 ya michango. Mama aliyelea watoto wawili kwa miaka minane huku ombi likiwa kwa jina la baba ambaye tayari anachangia kazini anaweza kufika uzeeni na pengo ambalo lingezibwa kwa fomu moja.

Kipato cha mzazi mmojawapo kikizidi pauni 60,000 kwa mwaka, sehemu ya posho hurudishwa kupitia kodi: asilimia 1 kwa kila pauni 200 zilizozidi, hadi inarudi yote kipato kikifika 80,000. Kinachoangaliwa ni kipato cha mmoja mwenye kikubwa, si jumla ya wote wawili. Hata aliye juu ya 80,000 anashauriwa ajaze fomu na kuchagua kutolipwa fedha, ili mzazi aliye nyumbani asikose hesabu ya pensheni.

Saa 30: hapa ndipo kalenda inapouma

Tangu Septemba 2025, wazazi wanaofanya kazi England wanaweza kupata saa 30 kwa wiki kwa mtoto kuanzia miezi 9 mpaka aanze shule, kwa wiki 38 za mwaka. Jumla ni saa 1,140. Mzazi aliye peke yake, au wazazi wote wawili kama mnaishi pamoja, mnatakiwa kila mmoja atarajie kupata angalau sawa na saa 16 kwa wiki za kima cha chini cha mshahara. Kwa mwenye miaka 21 na zaidi hiyo ni pauni 2,539 katika miezi 3 ijayo. Aliyejiajiri ndani ya miezi 12 ya mwanzo wa biashara yake habanwi na kiwango hicho. Mmoja akiwa mgonjwa asiyeweza kufanya kazi, au anapokea posho ya kumtunza mlemavu, familia haipotezi haki kwa sababu hiyo. Ila mmoja akivuka pauni 100,000 za kipato kwa mwaka baada ya makato yanayoruhusiwa, haki yote inaondoka, hata kama mwenzake anapata kidogo.

Sasa tarehe. Mtoto haanzi siku anayotimiza miezi 9, anaanza muhula unaofuata. Akitimiza kati ya Januari 1 na Machi 31, anaanza Aprili. Kati ya Aprili 1 na Agosti 31, anaanza Septemba. Kati ya Septemba 1 na Desemba 31, anaanza Januari. Na ombi lako nalo lazima liwe limekubaliwa kabla muhula haujaanza: mwisho ni Machi 31, Agosti 31 na Desemba 31.

Tuchukue watoto wawili. Aliyezaliwa Novemba 30, 2025 anatimiza miezi 9 Agosti 30, 2026, na anaweza kuanza Septemba. Aliyezaliwa Desemba 10 anatimiza Septemba 10, kwa hiyo anasubiri Januari 2027. Siku kumi za tofauti zimekuwa muhula mzima. Kabla hujamwambia mwajiri tarehe ya kurudi kazini, kaa na kalenda ufanye hesabu hii. Pengine kuongeza wiki chache za likizo kutakuokolea fedha nyingi kuliko mshahara wa wiki hizo.

Ombi hufanywa gov.uk, na mlango unafunguka mtoto akifikisha wiki 23. Andaa namba ya National Insurance ya kila mzazi, namba ya kodi kama umejiajiri, tarehe uliyoanza kazi na maelezo ya mwenzi wako. Anayejaza ni mmoja, kwa niaba ya wote. Jibu mara nyingi huja papo hapo, lakini linaweza kuchukua siku 7 na zaidi wakihitaji vielelezo, kwa hiyo wiki ya mwisho ya Agosti si wakati wa kuanza. Anza Julai. Kama bado uko kwenye likizo ya uzazi kwa ajili ya mtoto huyo huyo, unaruhusiwa kuomba ilimradi urudi kazini ndani ya mwezi wa kwanza wa muhula: kwa muhula wa Septemba, uwe umerudi kufikia Septemba 30.

Ukikubaliwa unapewa namba yenye tarakimu 11. Ipeleke nasari pamoja na namba yako ya National Insurance na tarehe ya kuzaliwa ya mtoto. Namba peke yake haikupi nafasi. Nasari nyingi zina orodha ya wanaosubiri, hasa kwa watoto walio chini ya miaka 2, kwa hiyo jiandikishe mapema, hata ukiwa bado mjamzito, na uulize kama wanapokea watoto wa saa za serikali na siku zipi.

Kisha kuna jambo linaloponza watu wengi kuliko yote: kila baada ya miezi 3 lazima uingie kwenye akaunti yako uthibitishe kwamba hali haijabadilika. Weka ukumbusho kwenye simu yako na ya mwenzako pia. Ukisahau, namba inakufa. Mtoto aliyekwisha kuanza hupewa kipindi cha huruma, lakini kikiisha nasari itakuandikia ankara kamili. Na wewe ambaye mtoto hajaanza, ukiwa ulipata namba mapema, hakikisha hutapitwa na tarehe ya kuthibitisha kabla ya muhula kuingia.

Nasari ikikuletea ankara

"Bure" ni saa za malezi na mafunzo. Chakula, nepi na safari si sehemu yake, na nasari inaruhusiwa kutoza kwa vitu hivyo. Isichoruhusiwa ni kuvifanya sharti la kupata nafasi. Una haki ya kuuliza: nikileta chakula na nepi zangu, ada hii inaondoka? Hawaruhusiwi pia kukutoza tofauti kati ya kiwango wanacholipwa na serikali na bei yao ya kawaida. Omba ankara inayoonyesha kila kitu kando: saa za bure, saa za ziada, chakula, vifaa. Ukiona jumla moja isiyoelezeka, andika kwa upole uulize. Wasipojibu, ipeleke kaunsili, maana ndiyo inayosimamia fedha hizo. Wazazi wetu wengi huona aibu kuuliza wakidhani wataonekana wakorofi. Uliza tu. Fedha hizo zimetengwa kwa ajili ya mwanao.

Kumbuka pia hesabu ya wiki 38. Kama unahitaji malezi mwaka mzima, baadhi ya nasari hutandaza saa zile zile katika wiki 51, ukabaki na takriban saa 22 kwa wiki. Kwa anayefanya kazi zamu za usiku hospitalini, jua kwamba saa za serikali hutolewa kati ya saa 12 asubuhi na saa 2 usiku, zisizozidi 10 kwa siku. Mlezi wa nyumbani aliyesajiliwa na Ofsted, wakaguzi wa shule na malezi England, naye anaweza kuzitoa, na mara nyingi ratiba yake inaendana na zamu kuliko nasari.

Bibi aliyekuja kutoka Tanga au Mombasa kusaidia kulea ni baraka, lakini hawezi kulipwa kwa fedha hizi. Akiwa kwa viza ya matembezi haruhusiwi kulipwa na yeyote.

Saa zinazobaki: Tax-Free Childcare au Universal Credit

Huwezi kuchukua vyote viwili, ila chochote kati yake kinaweza kwenda pamoja na saa za bure.

Tax-Free Childcare ni akaunti ya mtandaoni ambayo kila ukiweka pauni 8 serikali inaongeza 2. Ankara ikiwa pauni 400, unaweka 320 nao wanaweka 80, kisha unailipa nasari kutoka humo. Nyongeza haizidi pauni 500 kwa miezi 3 kwa kila mtoto, au 1,000 kwa mtoto mwenye ulemavu. Masharti ya kipato yanafanana na ya saa 30, na ombi ni lile lile moja.

Universal Credit hurudisha mpaka asilimia 85 ya gharama, kikomo kikiwa pauni 1,031.88 kwa mwezi kwa mtoto mmoja na 1,768.94 kwa wawili au zaidi. Haina sharti la saa 16. Mnatakiwa tu wote wawili muwe kazini, isipokuwa mmoja awe hawezi. Kwa familia ya kipato cha chini inayolipa kodi ya nyumba, mara nyingi hii ndiyo yenye manufaa zaidi. Ugumu wake ni kwamba unalipa kwanza, unarudishiwa baadaye. Kwa ankara ya kwanza, mwombe mshauri wako wa kituo cha ajira (Jobcentre) akulipie kupitia Flexible Support Fund. Sema jina hilo, maana usipolitaja huenda asikuambie. Ripoti kila ankara kabla ya mwisho wa kipindi cha tathmini (mwezi wa hesabu ya Universal Credit) kinachofuata kile ulicholipa ndani yake, na hifadhi risiti.

Anayepokea Universal Credit na kipato cha kazi cha nyumba kisichozidi pauni 15,400 kwa mwaka baada ya kodi aombe pia saa 15 za mtoto wa miaka 2 kwa kaunsili, hata kama hatimizi sharti la saa 30.

Kabla ya safari ya nyumbani

Child Benefit huendelea ukiwa nje ya nchi kwa muda usiozidi wiki 8, au wiki 12 ikiwa ni kwa matibabu au msiba wa ndugu wa karibu. Universal Credit kwa kawaida haivuki mwezi mmoja. Ukijua utakaa zaidi, toa taarifa kabla ya kuondoka. Na ukirudi tunza tiketi na pasi za kupandia ndege, za kwenda na za kurudi. Mwaka 2025 HMRC walitumia kumbukumbu za safari kusimamisha malipo, na familia nyingi zilizokuwa zimerudi salama zikasimamishiwa kwa sababu kumbukumbu ya kurudi kwao haikuonekana. Aliyekuwa na tiketi alijieleza kwa urahisi.

Kuelekea shule

Saa za nasari hukoma mtoto anapoanza darasa la mapokezi (Reception, la kwanza kabisa shuleni), Septemba baada ya kutimiza miaka 4. Nafasi ya shule haiji yenyewe: ombi hupelekwa kaunsili kabla ya Januari 15 ya mwaka huo, na majibu hutoka Aprili 16. Mtoto aliyesoma katika nasari iliyo ndani ya shule hapewi nafasi ya shule hiyo moja kwa moja, lazima umwombee kama wengine. Akaunti ya Tax-Free Childcare usiifunge. Itakusaidia kulipia klabu za asubuhi, za baada ya masomo na za likizo mpaka Septemba inayofuata siku yake ya kutimiza miaka 11, ilimradi uendelee kuthibitisha kila miezi 3.